Waseme na Kale Kambwa ka Banalia

Jumamosi, siku ya posho, tarehe 5, mwezi wa kumi

Kwanga ya leo mubaya. Majani ya kufungia muhogo yalipasuka, maji ikaingia, nusu ya sufuria imekuwa uji. Charlotte, muke ya mutoto wangu Faustin, anasema ni juu ya majani ya zamani. Nilimuambia ni juu ya mikono yake. Anafunga kwanga kama mutu anafunga muzigo ya kukimbia vita.

Waseme, mbwa yetu, hajala. Jana pia hakula. Nilimupa kichwa ya makayabu, samaki ya chumvi, nimeilowesha mpaka chumvi yote ikatoka. Akanusa, akageuza uso. Analala tu mbele ya mulango. Macho meupe kama maziwa. Masikio imekufa zamani. Meno imebaki ya nyuma tu.

Mama Régine, jirani, alitia kichwa juu ya uzio. Eti mbwa muzee namna hii anavuta kifo kwenye lupango, kwenye kiwanja ya nyumba. Eti Faustin amupakie kwenye piki, akamutupe ng'ambo ya mto. Nilimuuliza mama-mukwe wake, yule wa kitandani tangu Pasaka, watamutupa ng'ambo gani. Akaondoa kichwa.

Hii mbwa ilikuwa ya mume wangu. Bernard alipokufa, ndugu zake walichukua nguo, wakachukua baiskeli, wakachukua hata kiti alichokuwa anakalia. Mbwa hawakumutaka. Donc ndiyo kitu yake iliyobaki kwangu. Simutupi mahali popote.

Naogopa atakufa. Nimeandika, basi.

Siku ya Mungu, tarehe 6

Misa ndefu. Padri kijana, anapenda sauti yake mwenyewe.

Kutoka misa nilipita kwenye parking ya malori ya kwenda Banalia, kutafuta majani mazuri. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Chini ya lori, katikati ya mafuta na matope, kulikuwa kitu chekundu. Nilifikiri ni kitambaa. Kitambaa kikatikisika.

Kambwa. Kadogo, ndiyo kwanza kameachishwa ziwa. Kekundu kama udongo ya njia, miguu yote nyeupe, ncha ya mukia nyeupe. Mukia imejikunja juu ya mugongo kama pete. Paji ya uso imejaa mikunjo, kama mutu muzima anayefikiri matatizo ya nyumba. Nilikashika kwa shingo. Hakakubweka. Kalitoa ile sauti, kama mutu anajifunza kuimba na aibu inamushika.

Nikajua. Hii si mbwa ya mitaani. Ni mbwa ya wawindaji wa kule juu, msitu ya Banalia, damu safi, haijachanganyika na hizi mbwa zetu za jalalani. Hazibweki, ndivyo zinavyozaliwa. Waseme alikuwa hivyo hivyo, rangi ile ile, kabla uzee haujamuharibu. Mbwa namna hii hatupwi. Mutu alikapoteza.

Niliuliza wauza makala ya kupikia, niliuliza wapakiaji. Hakuna anayejua. Mumoja akaniambia, Mama Alphonsine, peleka ukachemshe na pilipili. Nilimuambia achemshe miguu yake mwenyewe, ndiyo yenye nyama. Nikakafunga kambwa kwenye kikwembe, kitenge yangu, kifuani, pamoja na kitabu ya nyimbo.

Nyumbani nilikaweka chini mbele ya Waseme. Yeye haoni, hasikii. Lakini pua bado. Alisimama. Miguu ya nyuma ilitetemeka, akasimama vile vile. Akakanusa toka kichwa mpaka mukia. Akarudia. Kadogo kakaingia kwenye sahani na miguu yote, kakaanza kula ile samaki ya jana. Na Waseme akatia mudomo kando yake. Akakula.

Nililia. Nilimuambia Charlotte ni moshi.

Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 7

Amekula tena. Bugali na mafuta ya mawese, sahani ikabaki safi.

Wanalala pamoja, kadogo ndani ya tumbo ya mukubwa. Ni jike, nimeangalia. Kamekula kipande ya sabuni. Kamekula mukanda ya kiatu ya Faustin. Faustin akakasirika. Nilimuambia avae sandali.

Nilitaka kujua vizuri. Nilikafungia kadogo jikoni, nikamupa Waseme chakula peke yake. Alinusa sahani, akanusa hewa, akaweka kichwa chini. Nikafungua jikoni. Akakula.

Donc ni hivyo. Kakiwa karibu, anakula. Kasipokuwa, hali.

Siku ya tatu, tarehe 9

Tulikuwa tunafunga kwanga. Radio ya Mama Régine inalia kwa avenue nzima, mutaa wote unasikia, kama kawaida yake. Saa ya komunike ikafika. Kwanza mutu aliyekufa, familia yote ije kilio. Halafu mufuko ya makaratasi ya shule iliyopotea. Halafu muzee mumoja wa Banalia amepoteza mutoto ya mbwa kwenye parking. Jike, mwekundu, miguu nyeupe. Mwenye kumuona amulete pale parking, wauza makala watajua mahali pa kumupata muzee.

Walisoma kwa Kiswahili, wakasoma tena kwa Lingala, wakaidi nao wasikie.

Mikono yangu haikusimama. Nilikunja jani, nikakaza kamba. Charlotte aliniangalia. Nilimuambia aongeze maji kwenye sufuria.

Nikachukua jani ingine.

Siku ya nne, tarehe 10

Nimefikiri. Muzee wa Banalia ana mbwa zingine. Watu wa kule wana mbwa vile sisi tuna kuku. Moja ikipotea, wanabaki na zingine. Mimi niko na mumoja tu, na huyo mumoja anakufa.

Tena nani amesema ni haka? Miguu nyeupe iko mingi duniani.

Uongo. Najua ni kenyewe.

Leo nilimugombeza Charlotte juu ya beseni ya wamama wa kanisa. Ameikalisha hapa tangu wiki iliyopita. Nikamuambia kitu ya mutu inarudishwa siku ile ile, ndivyo mimi nilivyolelewa. Akajibu, ndiyo mama. Na macho yake yalikuwa kwenye kambwa.

Siku ya posho, tarehe 12

Mama Régine juu ya uzio tena. Kambwa kametoka wapi. Nikasema zawadi. Zawadi ya nani. Nikasema ya aliyetoa. Halafu akauliza, na sauti ya asali, jina lake nani.

Hapa kwetu mbwa anapewa jina ya kuambia watu. Mutu hawezi kumutukana jirani uso kwa uso, lakini anaweza kuita mbwa yake kila jioni, kwa sauti anayotaka. Mbwa ya fundi viatu anaitwa Wanilipekwanza. Waseme naye ni hivyo. Zamani Bernard alikuwa mwindaji, anakaa msituni miezi na miezi, na mimi hapa Mangobo na watoto. Avenue nzima ilisema. Ana muke mwingine kule. Alphonsine ni muke wa kungoja. Siku moja akarudi na kambwa kwenye mufuko, akakaita Waseme, na hakuondoka tena. Kila jioni alisimama barabarani kuita. Wanawake waliingia ndani na kufunga mulango. Nilicheka mpaka tumbo ikauma.

Basi nilimuambia Mama Régine, huyu anaitwa Angaliakwako.

Halafu yule mwanamuke akacheka, akapiga mikono. Anasema jina zuri, atanisaidia kumuita.

Jioni nimekaita mimi, kwa kifupi. Kwako, Kwako, njoo. Kakaja mbio, masikio juu. Siku moja tu na kamejua. Iko na akili kuliko watu fulani.

Siku ya pili, tarehe 15

Wamesoma komunike tena. Mara hii sikuwa peke yangu wa kusikia.

Faustin alikuja mchana, hata kofia ya piki hakuvua. Amezungumza na wenzake wa parking. Muzee hajarudi Banalia. Alikuja mujini kupimisha macho, haoni vizuri tena. Kambwa kalitoka kwenye mufuko wake wakati anashuka kwenye lori, na yeye hakuona. Analala kwa mutoto ya ndugu yake. Kila asubuhi anarudi parking, anauliza watu, anapapasa chini ya malori na fimbo.

Aliniambia pole pole, vile wanaongea na mugonjwa: "Mama, kale kambwa kako na mwenyewe."

Nilimuambia: "Waseme akikufa nitakarudisha."

"Na asipokufa?"

Nilimunyoshea kikombe. Alikunywa maji akarudi kwenye kazi. Kwanga niliyomuwekea ameiacha kwenye meza, hakuifungua. Nilimuzaa mimi, leo anakataa mukono yangu.

Fimbo chini ya malori. Kwa nini aliniambia hiyo.

Siku ya nne, tarehe 17

Waseme ametembea mpaka barabarani. Kadogo mbele, yeye nyuma, pua kwenye ule mukia mweupe. Mwezi uliopita hakuweza kufika kwenye jikoni. Wenye piki walisimama wakamupisha. Alikojoa kwenye nguzo ya Mama Régine kama kijana.

Nilisimama kwenye mulango, nikacheka peke yangu. Furaha yangu ni ya mwizi. Najua. Ni furaha vile vile.

Faustin hasemi na mimi. Anasema na Charlotte, Charlotte anasema na mimi.

Siku ya posho, tarehe 19

Faustin amemuleta muzee. Hakuniuliza, hakunionya. Nilisikia piki, nikageuka, na muzee alikuwa anashuka, mukono kwenye bega ya mutoto wangu. Papa Limbaya ndiyo jina lake. Mwembamba, koti safi, viatu vya mpira. Macho yana ukungu.

Nilitoa kiti. Mimi si mushenzi.

Hakukaa. Hakuuliza kambwa. Aliuliza: "Iko wapi ile mukubwa?" Faustin alikuwa amemuambia. Akachuchumaa mbele ya Waseme, akamupa ngumi anuse, halafu akaanza kumupapasa. Masikio, ndani ya mudomo, mugongo, mufupa ya mukia. Alichukua wakati wake. Waseme hajaachia mugeni amushike tangu Bernard afe. Leo aliachia.

Muzee akasema hii mbwa anamujua. Ilizaliwa kwa kaka yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemutia kwenye mufuko ya Bernard, siku ile Bernard alipoondoka. Waliwinda pamoja, yeye na mume wangu, toka ujana. Sikujua. Bernard hakuwa mutu wa kueleza.

Kisha alieleza juu ya kadogo. Mama yake aliumwa na nyoka, watoto bado wako kwenye ziwa. Wote wakafa, kakabaki haka. Muzee alikalambisha uji na kidole, akalala nako ndani ya koti. Kijijini kwao hakuna jike ingine ya hii damu. Zingine zote zimechanganyika na mbwa zilizokuja na wachimba dhahabu, zinabweka, nyama inakimbia kabla watu hawajafika. Aliogopa kukaachia mutu, ndiyo maana alikuja nako mujini.

Na mimi nilisema wana mbwa vile sisi tuna kuku.

Alipiga ulimi, tak, tak. Kambwa kakainua masikio, kakabaki kwenye tumbo ya Waseme. Akapiga tena. Hakakutoka.

Hapo Mama Régine akaona tuna wageni. Kichwa juu ya uzio. Akaita, na ile sauti yake ya sokoni: "Kwako! Kwako, njoo usalimie!"

Kakatoka kama jiwe. Kakapita kwenye miguu ya muzee, kakaenda mpaka kwenye uzio, kanaruka.

Muzee hakusogea. Akauliza: "Mumemupa jina?"

Nikasema: "Mimi ndiye nilimupa."

Akaeleza. Hakupandisha sauti. Kwao mutoto ya mbwa ya kuwinda haina jina. Anaitwa na ulimi tu. Siku atakapopata nyama ya kwanza, mwenyewe anamuambia jina kwenye sikio, palepale msituni, na ile jina watu wengine hawaitumii. Mbwa aliyepewa jina kwenye lupango, katikati ya sufuria na wanawake, amefungwa na lupango. Ukimupeleka msituni anageuka kuangalia nyuma. Anangoja aitwe. Huyo si mbwa ya kuwinda tena.

Nilisema, mbona Waseme alipewa jina hapa hapa.

Akasema: "Ndiyo. Habari ilipotufikia kwamba Bernard amemupa mbwa jina mujini, tulijua hatarudi. Tulimulilia kama marehemu. Alitushinda wote kuwinda. Lakini alisema ana muke, na amechoka kumungojesha."

Mimi nilidhani ni dawa ya majirani. Nilicheka mpaka tumbo ikauma. Miaka yote hiyo alisimama barabarani anaita, na mimi nilikuwa nacheka.

Muzee hakunitukana. Angenitukana ningemujibu, majibu sijawahi kukosa. Alisema tu: "Bon. Kaeni naye." Akaomba maji. Akakunywa yote. Faustin akamurudisha.

Kesho asubuhi anapanda lori.

Mama Régine alikuja kuuliza kuna nini. Nilimufukuza. Hakuwa na kosa.

Siku ya Mungu, tarehe 20

Sikwenda misa.

Nilikafunga kambwa kwenye kikwembe. Waseme alikuwa analala. Sikungoja aamuke.

Muzee alikuwa parking, amekaa kwenye mufuko yake, lori inapakia chumvi na masufuria. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikasema yaliyobaki.

"Chukua. Hatawinda, sawa, nimemuharibu mimi. Lakini ni jike. Atazaa. Watoto wake hawana jina."

Mupakiaji alipita, akatuzunguka. Halafu muzee akauliza: "Na yule muzee yako?"

Kumbe Faustin alimuambia na hiyo pia, kwamba Waseme hali bila kadogo. Nikasema: "Yule ni wangu. Ni shauri yangu."

Akanyosha mikono. Nikakatoa kwenye kikwembe. Alikaweka usoni, akakanusa paji, vile Waseme alivyokanusa siku ya kwanza. Aliniambia kwao anayetoa jike anapata mutoto mumoja kwenye uzazi wa kwanza. Nilimuambia asihangaike. Mbwa mupya atanizika, na mimi sitaki kuacha mbwa analia kwenye lupango ya watu.

Walimupandisha muzee juu ya muzigo, karibu na dereva hakukuwa na nafasi. Kambwa kalitoa kichwa kwenye koti. Kaliniona. Masikio juu, mikunjo yote kwenye paji. Kalikuwa kanangoja.

Neno moja tu, kangeruka. Lori ilikuwa bado inatembea pole pole, kangeruka na kasingeumia. Nilishika mudomo na kikwembe, na mikono yote miwili, mpaka lori ikageuka kona.

Nilirudi na miguu. Nimesahau kununua majani.

Siku ya kwanza, tarehe 21

Hajala.

Amezunguka lupango yote na pua chini. Jikoni, choo, chini ya meza ya kwanga. Anajigonga kwenye ukuta, anasimama, anaendelea. Alikwenda mpaka pale kwenye uzio. Charlotte akalia. Nilimuambia kama anataka kulia aende kwao.

Halafu nilimuita arudi. Hakuwa ameondoka.

Siku ya tatu, tarehe 23

Maji tu. Jana kidogo, leo kidogo zaidi.

Faustin anasema atakwenda Banalia na piki, atamuomba muzee aazime kambwa mpaka tuone. Ameanza kusema na mimi tena. Nilikataa. Sitamufanya yule muzee akatoe mara ya pili. Alinihurumia mara moja, na sikustahili hata hiyo.

Mama Régine amepita kwenye mulango, si juu ya uzio. Alileta kichwa ya ngolo, samaki ya mto ya kukaushwa, kubwa, ile mutu anapikia mukwe. Akaiweka mbele ya Waseme. Tukakaa chini wote wawili. Waseme hakuigusa. Mama Régine alilia kimya kimya. Sikujua anaweza kufanya kitu bila kelele.

Nilimupikia mama-mukwe wake uji, akaondoka nao.

Siku ya tano, tarehe 25

Mchana nimelala chini, mbele ya mulango, pale kadogo kalipokuwa kanalala. Watu wanapita wanaona. Waone.

Nilitafuna kwanga mpaka ikawa laini, nikaiweka kwenye mukono. Alinusa mukono. Akachukua. Akaishika kwenye mudomo, muda, hakutafuna. Halafu ikaanguka. Alijaribu kwa ajili yangu. Niliona.

Mbavu zake ziko kama kikapu. Joto bado.

Siku ya posho, tarehe 26

Waseme amekufa asubuhi, wanawake wanapita kwenda soko. Nilikuwa na mukono kwenye mbavu zake. Zilipanda, zikashuka, na sikuona mwanzo wa kutopanda.

Nilimuambia kwenye sikio lile lililokufa, akimukuta Bernard amuambie nimejua. Hakusikia. Nilisema vile vile.

Faustin alichimba nyuma ya jikoni. Nilimugombeza shimo ni fupi. Akachimba tena. Nikamugombeza ni refu sasa, anataka kumuzika nani. Akaacha jembe, akanishika. Mutoto mukubwa, jasho na udongo. Nilimuachia anishike.

Tulimufunga kwenye kikwembe yangu ya bluu. Charlotte ndiye alifunga. Amefunga vizuri.

Siku ya kwanza, tarehe 28

Jana mvua siku nzima. Leo jua.

Kwanga imetoka vizuri.

Asubuhi nilifagia. Miaka yote nilikuwa nafagia kumuzunguka Waseme. Alikuwa hasogei. Namupiga na fagio, namutukana, hasogei, nafagia huku, nafagia kule, katikati inabaki alama ya mbwa kwenye vumbi. Leo nilianza kwenye mulango nikaenda moja kwa moja mpaka barabarani.

Ilikuwa kazi ya haraka.